Maskini wa Jumuiya

Jumuiya yoyote ya kanisa pale Kiseke inayojiheshimu ina mwenyekiti, katibu, mweka hazina na maskini. Watatu wa kwanza hupigiwa kura. Wa nne hapigiwi kura wala hana muhula. Akishakalia kiti, amekalia.

Modesta alikuwa mwaka wa saba kwenye kiti hicho.

Kila Kwaresima wanajumuiya walipanda kilimani kwake kwa msafara, wanawake wamevaa vitenge vya sare, kapu limetangulia. Ndani ya kapu mlikuwa na mchele, sukari, sabuni za mche na chupa ya mafuta ya kupikia. Noela, katibu, alikuja na simu yake. Modesta alisimamishwa mlangoni, akashikishwa kapu, akaambiwa asicheke. Picha zilibandikwa kwenye ubao wa parokia, chini yake pameandikwa: Matendo ya huruma.

Mwanzoni haikuwa mchezo. Mumewe Antoni, fundi mwashi, alifariki Machi ya mwaka ule wa kwanza, na mwezi haujaisha upepo wa ziwani ukaja ukabeba mabati ya nusu nyumba. Lile kapu la kwanza Modesta alilipokea akilia, na watu walilia naye. Hakuna wa kubeza hapo.

Ila umaskini wa Modesta haukukaa mahali pamoja. Alichukua nyundo ya marehemu akaanza kuponda kokoto. Alijifunza kuwasha matairi juu ya mwamba mpaka ukapasuka, akajifunza kukaa kivulini mwa gunia tangu asubuhi mpaka jioni, akigonga. Kiseke nayo ilikuwa inajenga kama imerogwa. Nyumba nyingi zilizoota pale, hata ile ya mweka hazina yenye nguzo nne na simba wawili wa saruji, zege lake lina jasho la Modesta. Akaezeka upya. Akanunua mbuzi, wakazaana wakafika watano. Akatundika mapazia.

Jumuiya haikuyaona hayo. Au iliyaona ikafumba macho, maana maskini mzuri hapatikani ovyo. Anatakiwa awe amebatizwa, asiwe mlevi, asiwe na matusi, na asikae mbali sana na barabara.

Sasa sikia ubaya wa cheo kile. Sala ya jumuiya ilikuwa kila Jumamosi alfajiri, nyumba kwa nyumba, kwa zamu, na mwenye nyumba huwapa watu chai. Zamu ikitoka kwa Venant, fundi baiskeli, iliruka kwa Modesta kama mtu anavyoruka dimbwi, ikatua kwa mwenyekiti. Michango ya misiba nayo ilimruka. Siku moja Modesta alitoa noti yake kama wengine. Noela akamrudishia mbele za watu, akampapasa bega.

"Wewe pumzika, Mama Rebeka. Sisi tupo."

Mama Rebeka ndivyo walivyomwita, kwa jina la binti yake aliyeolewa Misungwi. Na mwenyekiti, Mwalimu Longino, alipomaliza kukusanya bahasha akasimama, akakohoa, akahitimisha: "Ndugu zangu, kutoa ni moyo, si utajiri." Wote wakaitikia amina, na Modesta ameshika noti yake kama mtoto aliyekataliwa dukani.

Kilichomuuma zaidi ni sebule. Antoni alipojenga ile nyumba aliifanya sebule kubwa kuliko vyumba vya kulala vikiwekwa pamoja. Modesta alilalamika, Antoni akamjibu, "Zamu yetu ikifika watu watakaa wapi? Kichwani kwangu?" Alikufa kabla zamu haijafika. Ikawa miaka saba sebule ile inakaliwa na Modesta na kuku.

Mwaka huu kumbukumbu ya Antoni iliangukia Jumamosi ya Kwaresima. Modesta akasema moyoni, safari hii wataingia. Baada ya sala moja akamfuata Mwalimu Longino.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Rebeka. Vipi hali ya maisha?" Mwalimu alimuuliza hivyo yeye tu. Wengine aliwauliza habari za asubuhi.

Mwalimu Longino alikuwa mzee wa kutoka Bukoba, mstaafu, mrefu, mwenye koti moja na Kiswahili kingi. Kola ya shati lake ilikuwa imegeuzwa, upande uliochakaa ukashonewa ndani, lakini ukimsikiliza akisema huwezi kuangalia kola. Alikuwa na fundisho lake kuhusu kutoa. Wale wanaotupa sarafu kwa ombaomba, alisema, wanalea uvivu. Jumuiya haitoi ovyo, jumuiya ina utaratibu.

"Naomba sala ya Jumamosi ijayo iwe kwangu," Modesta akasema. "Ni kumbukumbu ya Antoni. Chai ipo."

Mwalimu akamtazama kwa huruma iliyonyooka kama rula. "Mama, hatuwezi kukutwisha mzigo. Watu thelathini! Hata hivyo siku hiyo tunakuja na kapu. Tutamtaja marehemu, dakika moja."

"Mwalimu, nina uwezo."

"Moyo unao, mama. Moyo unao."

Noela akaingilia, simu mkononi. "Tena, Mama Rebeka, mwaka huu Paroko mwenyewe anazunguka na sisi. Wenzetu wa ng'ambo ya korongo wana kipofu mwenye wajukuu wanne! Sisi tuna wewe tu, na hiyo mikono yako kama ya mpiga makasia. Tafadhali, wale mbuzi wapeleke kwa Venant kwa siku moja. Na mapazia yashushe."

"Kwa hiyo niwafiche mbuzi wangu ili mnipe sukari?"

"Si kuficha," Mwalimu akasema. "Ni kuondoa vinavyochanganya watu."

Katikati ya wiki Modesta akashuka mjini kuvuka kwa kivuko cha Kamanga, kwenda kwa dada yake Sengerema kufuata viazi. Pale getini alikuwepo Mayala, mzee mwenye mguu uliopooza tangu utotoni, amekaa juu ya kipande cha godoro, kofia chini. Modesta hakumpita hata siku moja. Mwanza nzima, pale tu ndipo aliporuhusiwa kutoa.

"Tajiri wangu huyo!" Mayala akapaza sauti. "Leo una sura ya mtu aliyenyang'anywa."

Modesta akaweka mia tano kwenye kofia, akachuchumaa, akamweleza yote: kapu, mbuzi, sebule. Mayala alisikiliza huku akipokea sarafu za wapita njia na kuwabariki bila kugeuza shingo.

"Wanakupa mara ngapi kwa mwaka?"

"Mara moja."

"Na wanataka uwe maskini siku ngapi?"

"Zote."

Mayala alicheka mpaka akakohoa. "Mama, hapo wamekupunja! Mimi saa kumi na moja jioni nafunga kazi. Nafika nyumbani napokea shikamoo za wajukuu, nagombeza watu, nalalamika chumvi imezidi. Wewe huna hata likizo."

"Usinicheke, mzee. Niambie nifanyeje."

Mayala akaingiza mkono mfukoni, akatoa karanga za kukaanga zilizofungwa kwenye karatasi. "Shika."

Modesta akashika, akala.

"Umeona? Umepokea. Mtu akinipa, na mimi nikiwa na karanga, nampa karanga. Wapo wanaokaa hapohapo wakatafuna na mimi. Wapo wanaokimbia utadhani nimewachomolea kisu. Hao wa kukimbia nawafahamu: hawakuja kunipa, walikuja kujipa. Wape wenzako chakula, mama. Halafu tazama nani anakimbia."

Honi ya kivuko ikalia. Modesta akaondoka na karanga zake.

Jumamosi ikafika. Msafara ulianzia kwa wale wa ng'ambo ya korongo, na kila nyumba maskini alikuwa amejiandaa vizuri: hana kitu mezani, hana hata maji ya kunywa kwenye kikombe kizima. Paroko, padre kijana mwenye mwili wake, alibariki, akahimiza, akapanda, akashuka. Ilipofika saa tano, akipanda kilima cha Modesta, alikuwa anatembea kama mtu anayesukuma baiskeli iliyotoboka.

Mbuzi watano walikuwa uani. Mapazia yalikuwa yamefuliwa.

Mwalimu Longino alisoma risala. Alisema jumuiya yao haitoi ovyo kama watu wa mitaani. Alisema mjane huyu wamemlea kwa miaka saba. Noela naye akawa anahangaika na simu.

"Mama Rebeka, sogea kushoto. Bado, mbuzi anaonekana. Kushoto tena. Jamani, mfukuzeni huyo mweupe!"

Mbuzi mweupe alifukuzwa, akazunguka nyumba, akatokea upande wa pili, akasimama mbele ya kapu akitazama simu kama amealikwa, na picha ikapigwa hivyohivyo.

"Mbuzi wazuri," Paroko akasema. "Wa nani?"

"Wa jirani, Padre," akajibu Mwalimu upesi.

"Wangu, Padre," akajibu Modesta.

Aliyekuwa anakohoa akameza kikohozi chake. Modesta akapiga goti kidogo. "Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Leo ni kumbukumbu ya mume wangu. Sebule hii aliijengea jumuiya, na jumuiya haijaiona. Karibuni ndani, chai imechemka."

"Mama, mama," Mwalimu akasema akicheka cheko la kuzima moto, "hatukuja kula kwa mjane. Na ni Kwaresima, ndugu zangu."

"Ni Jumamosi, si Ijumaa, Mwalimu," Paroko akasema, na alikuwa ameshavua kiatu kimoja. "Tangu asubuhi nimezunguka nyumba nne sijaambiwa hata kaa chini."

Akaingia. Padre akiingia, nani abaki nje? Watu thelathini na wawili wakaingia, na sebule ya Antoni ikawameza wote, ikabaki na nafasi ya kupitisha sinia. Walisali. Jina la Antoni lilitajwa, si dakika moja, maana Venant alikumbuka jinsi marehemu alivyomjengea ukuta wa banda bila kumdai, na mwingine akakumbuka lake. Kisha vikaja viazi, karanga na chai ya maziwa.

Modesta akasimama mlangoni na birika, akatazama nani atakimbia. Mweka hazina mwenye simba wa saruji alionja nusu kikombe, akasema ana kikao, akaondoka. Noela alikunywa amesimama. Ila macho ya Modesta yakakwama kwa Mwalimu Longino.

Mwalimu hakukimbia. Mwalimu alikuwa anakula. Alimenya kiazi cha kwanza kwa adabu, cha pili kwa haraka, cha tatu hakukimenya. Aliongezewa chai mara tatu, na kila mara alitia sukari vijiko vitano, akikoroga huku anatazama dari. Mkewe, Mama Leonsia, alifungua mkoba wake mweusi wa kanisani, akadondosha viazi viwili ndani, akaufunga taratibu usitoe mlio. Modesta akaikumbuka ile kola iliyogeuzwa. Akakumbuka kiinua mgongo cha Mwalimu, kilichokwisha chote kumsomesha kijana wao Jovinary, ambaye mpaka leo yuko Dar anatafuta kazi. Akakumbuka kwamba zamu ikiwa kwa Mwalimu, chai yake huwa ya rangi na hotuba huwa ndefu. Akasema kimoyomoyo, kumbe!

Watu walipoinuka, kapu likabaki katikati ya sebule.

"Mpeni mwingine," Modesta akasema. "Mimi nimeshiba."

"Picha imeshapigwa!" Noela akalia.

"Basi mpeni aliye kwenye picha. Mpeni mbuzi."

Watu walicheka, halafu wakaacha kucheka, maana swali lilikuwa kweli: apewe nani? Venant akasema wapelekewe wale ombaomba wa kivukoni. Mwalimu akainua kidole, akameza kiazi, akasema jumuiya haitoi ovyo. Kila mmoja akamtazama jirani yake kwa matumaini, na kila jirani akavuta nguo yake vizuri. Ikaamuliwa kapu likae kwa Mama Rebeka mpaka kikao.

Jumatatu baada ya chakula cha mchana, saa ambayo mtaa umetulia, Modesta alijitwika lile kapu, akapita nyuma ya nyumba za watu, akabisha hodi mlango wa jikoni kwa Mwalimu Longino. Mafiga yalikuwa baridi. Mwalimu alitoka amevaa koti, pamoja na joto lile.

"Mama Rebeka!" Uso wake ukabadilika alipoona kapu. "Hapana. Mama, hapana. Mimi ni mwenyekiti."

"Ndiyo maana nimekuja kwako, Mwalimu. Nina shida."

Kusikia neno shida, Mwalimu akanyooka kidogo. "Sema, mama."

"Kwangu panya wamezidi. Mali ya jumuiya ikiliwa nitasema nini? Naomba unitunzie mpaka kikao."

Mwalimu alitazama kapu. Alimtazama mkewe, naye Mama Leonsia akatazama mafiga.

"Kwa utaratibu huo," akasema polepole, "naweza kukusaidia."

"Asante sana, Mwalimu. Ila nasikia panya wa mtaa huu nao ni walewale. Ukiona mchele unapungua, usihangaike kuwatafuta. Sukari nayo wanaila."

Mwalimu akafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja. Akapokea kapu kwa mikono miwili.

"Noela anajua umekuja huku?"

"Noela ana simu, Mwalimu. Mimi nina nyundo tu. Nyundo haipigi picha."

Jumamosi iliyofuata walisali kwa Venant. Mwisho wa sala Mwalimu Longino alisimama kusoma zamu. Shati lake lilikuwa limefuliwa kwa sabuni, linanukia mpaka mlangoni.

"Wiki ijayo," akasoma, akakohoa, "kwa Mama Rebeka."

Noela akanyoosha mkono. "Mwenyekiti, na lile kapu? Maskini wetu sasa ni nani?"

Mwalimu alikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni mwa koti. "Hilo," akasema, "liahirishwe. Bado linachunguzwa."

Modesta alikuwa kwenye mkeka nyuma, ameshika bahasha ya mchango, yenye noti ndani. Ilipopitishwa kofia ya kukusanyia, safari hii haikumruka.