Barua Dhidi ya Mama Zipu

Kwa miaka kumi na moja, mwanamke tuliyemwita Mama Zipu alishona zipu za kava katika kiwanda chetu cha magodoro. Cherehani yake ilikuwa ya tatu kutoka dirishani. Hakuwa msemaji, lakini akikutania, utani ule unakwenda nao mpaka nyumbani.

Kila Jumatatu Shoka, mkata sponji wetu, alifika amelewa chakari. Tulishazoea. Mwenzangu alishika mabega, mimi nikashika miguu, tukamlaza nyuma ya rundo la mabaki ya sponji, kisha tukagawana kazi yake. Mama Zipu ndiye aliyemletea maji.

"Mlazeni ubavu," alikuwa akituambia. "Akitapika chali atapaliwa, halafu mtataka niwashonee sanda."

Tulicheka. Shoka alikuwa mwanamume, amechoka, ana mambo mengi. Hivyo ndivyo tulivyosema.

Mwaka huu Mama Zipu alimzika binti yake wa pekee. Baada ya siku nne alirudi kazini. Wiki chache baadaye chupa yake ya chai ikaanza kunuka kitu kingine. Hakuyumba, hakumtukana mtu. Mara mbili alishona zipu nyuma mbele, akazifumua mwenyewe na kubaki jioni kuzishona upya.

Ungedhani ameua mtu.

"Mwanamke na pombe, jamani," alisema dada anayefunga magodoro kwenye nailoni. "Aibu hii tutaificha wapi?"

"Na mumeo je?" niliuliza kwa sauti ndogo, maana sisi sote tunajua anavyomkokota kutoka kilabuni.

"Wangu ni mwanamume, shemeji. Usilinganishe."

Wafanyakazi wenzangu wakaandika barua kwa meneja: hatutaki kufanya kazi na mlevi. Wa kwanza kusaini alikuwa Shoka, mkono ukimtetemeka hadi kalamu ikatoboa karatasi. Majina yalikuwa ishirini na mawili. La mwisho ni langu, na sina la kujitetea. Msimamizi alinisimamia kichwani, akasema, "Bado wewe tu, kaka." Tangu utotoni, mtu akinisimamia namna ile ulimi hunikauka. Nikasaini. Usiku na mchana nilijichukia, na wao nikawachukia vilevile.

Mama Zipu aliitwa kwa meneja Jumatatu, saa nne, kujibu barua ile. Kazi yake ingeishia hapo au ingebaki. Saa nne kasoro dakika chache, Shoka akaingia akipepesuka, akaanguka mlangoni.

"Shika miguu," mwenzangu aliniambia.

"Sishiki."

"Una nini leo?"

"Mwacheni hapo hapo. Msimamizi amwone. Na yeye aandikiwe barua."

Walinitazama kama mtu aliyevua nguo sokoni. Msimamizi akatokea. Nilingoja. Alimtazama Shoka, akatazama saa yake.

"Mbona mmemwacha sakafuni? Meneja akitoka je?"

Akainama, akashika miguu. Mahali pangu kabisa, na kwa namna alivyoishika, nikajua si mara yake ya kwanza.

Wakati huohuo Mama Zipu alikuwa anaingia, gauni limepigwa pasi, mkoba kifuani. Akajibanza ukutani kuwapisha.

"Mlazeni ubavu," alisema.

Akaelekea ofisini peke yake.

Hasira ilinipanda hadi masikio yakavuma. Miaka yote ile tulimficha mtu aliyelala saa za kazi, tena karibu na mashine ya kukatia, na huyu aliyemnywesha maji ndiye tuliyemwita mlevi. Nikamfuata. Nilibisha hodi, sikungoja jibu.

"Hujaitwa," meneja alisema.

"Najua, mzee. Naomba ile barua. Jina langu limo, nataka kulifuta." Nilisogea mezani kwake. "Halafu ukimaliza na huyu mama, twende nyuma ya rundo la sponji. Kuna mtu amelala. Msimamizi anamjua, ametoka kumbeba sasa hivi."

Mama Zipu aligeuka, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu siku ile nilipoandika jina langu. Hakutabasamu, na sikutegemea atabasamu.

Barua ilikuwa mezani. Meneja hakunipa kalamu. Nilikuwa na yangu mfukoni, ile nene ya kuchorea sponji.