Babangu Hakuwa Dereva

Ipo siku moja ya likizo, mjukuu wangu, ambayo naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu. Usicheke. Harusi ilikuwa na watu wengi na chapati nyingi, na bibi harusi huwa haoni mengi. Siku ile nyingine niliona kila kitu, hata rangi ya mlango wa choo iliyokuwa ikibanduka.

Tulikuwa tunaishi Makongeni, hapa Nairobi, kwenye nyumba za reli, chumba kimoja kwa familia nzima, mfereji wa maji na choo ni vya wote. Karibu kila baba pale alifanya kazi reli, kwa hivyo sisi watoto hatukuwa na mchezo mkubwa kuliko treni. Mitaa mingine walikuwa na mpira wa makaratasi. Sisi tulishikana mashati, mmoja nyuma ya mwenzake, tukazunguka safu za nyumba mbio mbio huku tukipiga honi kwa midomo. Akina mama waliokuwa wakifua walitutukana, nasi tukapiga honi zaidi.

Lazima nikueleze jambo moja la reli, maana bila hilo hutanielewa. Njia ilikuwa moja, na treni mbili hazikuruhusiwa kuwa kwenye kipande kimoja. Dereva hakuingia kipande cha mbele mpaka apewe karatasi ya ruhusa. Sasa, kwenye vituo vidogo treni kubwa haikuwa na haja ya kusimama. Mtu alisimama ukingoni akainua pete kubwa ya fito, karatasi imefungwa humo, na dereva akatoa mkono dirishani akaipokea huku treni inapita. Nasi tulikuwa na pete yetu, ya waya. Dereva wetu akiikosa, treni nzima inarudi kuanza upya, na kelele za lawama zinasikika hadi Jogoo Road.

Dereva nilikuwa mimi. Ndiyo, msichana, na wavulana walishika shati langu wakanyamaza. Sheria yetu ilikuwa kwamba kazi ya baba yako ndiyo kazi yako mchezoni, na babangu alikuwa dereva. Hilo lilijulikana mtaa mzima, yaani mtaa mzima wa watoto. Alivaa kofia ya reli, aliondoka alfajiri na treni ya wafanyakazi, chupa yake ya chai kwapani, akarudi jioni ananuka dizeli. Ushahidi gani tena ulihitajika? Tulisema aliwahi kusimamisha treni katikati ya mbuga ili twiga avuke na mtoto wake. Tulisema simba wa mbuga za Athi wanaijua honi yake na wanampisha. Nani alianzisha maneno hayo sijui, uongo wa watoto hauna mama. Jioni akitokea upande wa stesheni, mchezo ulisimama na sote tukaita, "Dereva! Dereva!" Naye aligusa kofia kidogo, akapita. Hakuwa mtu wa maneno.

Siku hiyo ninayokwambia, rafiki yetu Mutua alikuwa amerudi kutoka Ukambani kwa nyanya yake. Huyu Mutua ndiye yule mzee anayekata akala, vile viatu vya matairi, pale soko la Kariokor, na hata leo mdomo wake hauna breki. Alikuja mbio, hata salamu hakutoa.

"Nekesa! Buda yako si dere! Nimemwona na macho yangu, treni yetu ilipita kastesheni fulani huko nje, yeye ndiye alikuwa ameshika ile pete!"

"Babangu ni dereva. Ulimwona mwingine," nikasema.

"Wapi! Si nilimpungia mkono na akanipungia?"

Hakuwa na ubaya, Mutua. Alifurahi tu kumwona mtu wa kwetu mbali na kwetu. Lakini ulimi hauna mfupa, na maji yakimwagika hayazoleki. Watoto walinitazama, kisha mmoja akacheka, kisha wote. Na kwa kuwa sheria ilikuwa sheria, walinipa pete nisimame nayo ukingoni. Ile haikuwa kazi ya baba yeyote tuliyemjua, kwa hivyo iliachiwa mwenye kidonda mguuni, au mtoto wa mgeni ambaye bado hatujamjua. Udereva, kwa kuwa hakukuwa na mtoto mwingine wa dereva, akachukua Mutua mwenyewe.

Nilisimama pale karibu na vyoo, waya mkononi. Nilikuwa nikiyapoteza mawili kwa pamoja, nafasi yangu na babangu. Babangu hakuwa amekufa, lakini nilihisi ni kama amekufa, na aliyebaki ni mtu mwingine mwenye kofia yake.

Ndipo akatokea. Siku hiyo hakuna aliyeita. Alipunguza mwendo, akawatazama watoto mmoja mmoja, akanitazama mimi, akaitazama pete. Aliweka chupa yake ya chai chini, akaja nyuma yangu, akaushika mkono wangu akauinua.

"Juu, Nekesa. Kaza mkono, usikaze vidole. Yule anayekuja anakuja na mwendo. Akishika, achilia papo hapo, la sivyo utamuumiza."

Nikamuuliza mbele ya wote, "Kwani wewe si dereva?"

Babangu alicheka. "Nani ameniajiri udereva, mama? Mimi hata baiskeli inanishinda."

Watoto waliangua kicheko, naye akacheka nao. Treni ya Mutua ikaja, mkono ukaingia kwenye pete, nikaachilia, ikapita vizuri bila mtu kuumia. Babangu akasema, "Umeona?" Akaokota chupa yake akaenda nyumbani.

Nami nikaona aibu, mwanangu. Nasema wazi kwa sababu waliohusika wengi wameshazikwa. Kila jioni kazi yangu ilikuwa kumpokea kofia na kuitundika msumarini. Jioni ile nilijifanya nina kazi na sufuria, akaitundika mwenyewe. Mama aliniangalia tu. Wahenga walisema mkataa kwao mtumwa, ila nilikuwa mdogo na methali zilikuwa za wazee.

Mchezo uliendelea kidogo, ukafa wenyewe kama michezo inavyokufa. Hakuna anayetangaza. Siku moja mmoja ana masomo ya jioni, mwingine amepelekwa shule ya bweni, mwingine amebalehe na hataki tena kushikwa shati. Babangu naye alianza kurudi kwa njia ya uani, ile inayopita nyuma ya majiko, anaingia ndani kimya. Nilidhani ni njaa inayomharakisha, wala sikuuliza.

Miaka ikaenda. Nikaolewa, nikazaa, nikahamia mtaa wa Umoja. Nilikuja kujua pia ile kazi yake ilikuwa kazi ya maana, nikawa namtaja kwa watu bila haya. Mambo yalikuwa yameisha, au ndivyo nilivyofikiri. Alipostaafu na kufiwa na mamangu, nilimchukua akae kwangu. Miguu ilikuwa imeanza kumkataa. Jumapili moja mchana nilikuwa namwosha miguu kwenye beseni, wajukuu zake wanapiga kelele kwenye kibaraza, mmoja amejifunga kanga mgongoni eti anapaa. Babangu aliwasikiliza muda mrefu.

Akasema, "Nekesa, unajua kutoka stesheni hadi pale kwetu Makongeni kulikuwa na njia fupi?"

"Ile ya uani. Si ndiyo ulikuwa ukipita?"

"Hiyo nilipita baadaye. Mwanzoni nilikuwa nazunguka."

"Kwa nini uzunguke, baba, na umechoka?"

"Ili nipite mlipokuwa." Akachezesha vidole ndani ya maji. "Kule kazini waliniita 'wewe'. Wewe njoo, wewe inua. Kwenu niliitwa dereva. Nilikuwa nazunguka nipate kuitwa."

Niliendelea kuosha mguu ambao ulikuwa umeshatakata. Nilikuwa nimeishi miaka yote nikijua kwamba siku ile mtoto mmoja alipoteza shujaa wake. Sikuwahi kufikiri kwamba shujaa mwenyewe alikuwapo, amesimama, na yeye pia alikuwa na cha kupoteza. Nililia pale kwenye beseni, naye akanipapasa kichwa akidhani labda ni sabuni.

Tangu siku hiyo nikawaambia wanangu wamwite Dereva. Walimwita. Mara ya kwanza alicheka, akasema niache upuzi. Kisha akawa anachelewa makusudi kutoka chumbani asubuhi, mpaka wamwite. Aliondoka duniani mwaka uliofuata, na nashukuru kwamba mwaka huo mmoja wa kuitwa aliupata.

Sasa wewe mwanangu uko katika umri wa kupima watu. Umesoma, umetembea, umeona kwamba yule mjomba uliyedhani ni tajiri wa Nairobi nzima ana kibanda tu sokoni Muthurwa, na yule kaka wa mtaa mliyemwona hashindwi na mtu alikuwa mwoga tu kama nyinyi. Mnakuja kwangu mnasema, "Shosh, tulikuwa wajinga." Hapana, hamkuwa wajinga. Mlikuwa na macho ya kumvika mtu joho asilokuwa nalo, na si kila umri una macho hayo. Ukubwa jalala, utapokea mengi ya kukukatisha tamaa, na kweli ni lazima uijue. Lakini kuijua kweli hakukulazimishi kumvua mtu joho lake hadharani. Na kama ameshavuliwa, kama wangu, usimwache apite uani maisha yake yote. Mrudie. Mwite jina lile kubwa, hata kama wote wawili mnajua si lake. Hakuna mtu anayezeeka mpaka asihitaji kuitwa vizuri.

Mungu akuongezee miaka, mwanangu, akuonyeshe wazazi wako walivyo hasa bila moyo wako kupoa. Akupe watoto watakaokukuza kuliko kimo chako. Na ulimi wako aujalie uwahi kuwasifu wa kwenu wangali wanasikia. Amina. Nenda sasa, kampigie babako simu.