Arobaini ya Damari

Hadi leo ninaiona karatasi ile ukutani: ukurasa mzima wa daftari la hesabu, wenye visanduku arobaini vilivyopigwa kwa rula. Nakumbuka asubuhi niliyoibandika, mwanangu. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita, mwalimu wa shule ya kati kule Temeke, mwenye shahada mpya kutoka chuo kikuu cha ng'ambo ya Ziwa na mtoto mpya wa siku moja. Zilikuwa zile siku za mwisho mwisho za Mwingereza. Shahada niliitundika sebuleni, karatasi nikaibandika chumbani juu ya kitanda, na kama ungeniuliza ipi kati ya hizo mbili ilinipa fahari zaidi, ningekucheka kwa kuuliza.

Mtoto wetu, Damari, alizaliwa wiki saba kabla ya wakati wake. Nakueleza jambo hili mapema kwa sababu huenda nawe unasoma haya ukiwa umekaa kando ya mtoto wa namna hiyo, hujui ufurahi au ulie. Mimi nilifurahi. Nilifurahi kupita kiasi, na katika furaha hiyo nusura nimpoteze.

Mke wangu Raheli nami tulikuwa watu wa bara, tumekulia milimani Upare, lakini mtaa wetu ulikuwa na desturi yake na sisi tuliipenda: mama na mtoto hukaa ndani siku arobaini, na siku ya arobaini mtoto hutolewa nje, majirani wakamwona, watu wakala na kushangilia. Kwa kijana aliyefundisha hesabu, hakukuwa na jambo tamu kama furaha yenye tarehe. Kila jioni nilipaka kisanduku kimoja wino mwekundu. Nilikwisha kuwaandikia barua mama yangu, ndugu zangu na walimu niliosoma nao, nikawatajia siku yenyewe. Nilikuwa na kiherehere ambacho sijawahi kuwa nacho tena maishani, hata siku ya Uhuru.

Na kweli alikuwa ajabu ya kutazama. Alijikunja juu ya mkono wangu mmoja, kichwa kikikaa kiganjani. Ngozi yake ilikuwa nyekundu na nyembamba hata mishipa ilionekana, na mabegani alikuwa na malaika, vinyweleo laini kama manyoya ya kifaranga. Alilia kwa sauti ya paka mchanga. Akipewa ziwa alinyonya mara mbili, akasahau alichokuwa akifanya, akalala. Daktari aliyemwona siku ya pili alituambia kwamba dawa zake ni mbili, joto na maziwa, na tukiweza kumpatia hizo bila kukosea, atakua.

Aliyetufundisha namna ya kutokosea alikuwa Bi. Mwanahawa, mkunga wa mtaani kwetu, mama wa Kizaramo mwenye umri wa mama yangu, aliyemzalisha Raheli kwa mikono yake. Alikuja asubuhi, mchana na jioni. Alimfunika Damari kwa pamba na flanele, akamwekea ubavuni chupa za maji ya moto zilizoviringishwa vitambaa. Raheli alikamulia maziwa kwenye kikombe, naye Bi. Mwanahawa akayadondosha kwa kijiko kidogo, tone baada ya tone, akimsubiri mtoto ameze. Lile tone la kwanza lilipopita kooni nilipiga makofi.

"Mwalimu," akaniambia bila kugeuka, "hii si shule. Hapa hatumpigii mtu makofi kwa kumeza."

Lakini alikuwa akitabasamu.

Siku ya kumi na mbili ilikuwa Jumamosi, masika yamekolea, na hewa ya asubuhi ilikuwa ya baridi kwa kipimo cha Dar es Salaam. Walimu wenzangu wawili walipita kunisalimu. Raheli alikuwa uani anaoga. Kabla ya kutoka alikuwa ameniambia, "Baba Damari, usimfunue," nami nikaitikia. Wale wenzangu wakasimama mlangoni kwa adabu, wakasema watasubiri arobaini kama watu wengine. Mwanangu, sikuweza kusubiri. Niliwavuta ndani. Nilifungua dirisha ili wamwone vizuri kwenye mwanga. Nikazisogeza chupa kando, nikafungua flanele, nikatoa pamba, nikachukua rula ya shule nimpime urefu mbele yao.

"Mwalimu, huyu anaenea kwenye kofia yangu!" mmoja wao akasema, akicheka kwa mshangao.

Nami nilicheka. Nilikuwa bado nacheka nilipoona kwamba kifua cha Damari hakipandi. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi, kama wino uliochanganywa na maji. Nilimwita jina. Nilimgusa mguu, ulikuwa wa baridi kama kijiko. Sikujua la kufanya. Shahada yangu yote haikuwa na neno moja la kunisaidia katika nukta ile.

Bi. Mwanahawa aliingia na birika la maji ya moto mkononi, kwa kuwa ilikuwa saa yake ya kuja. Alitazama dirisha, akatazama rula, akaelewa. Hakupiga kelele. Alimwinua mtoto, akamkwaruza nyayo kwa ukucha, akamsugua mgongo kwa vidole viwili, akimwita polepole, "Njoo, mama, njoo, usiende, njoo." Damari akashtuka. Akavuta pumzi, akapiga chafya, akalia kile kilio chake cha paka. Sijasikia muziki wowote uliokifikia.

"Funga dirisha," Bi. Mwanahawa akaamuru. Kisha akanigeukia mimi. "Vua shati."

"Shati, Bibi?"

"Shati, Mwalimu. Au kwenu bara mnaita nini?"

Nikavua, mbele ya wenzangu. Akanikalisha kitini, akamlaza Damari kifuani pangu, ngozi kwa ngozi, kichwa kimegeukia pembeni apate kupumua, akatufunga pamoja kwa khanga na kunivisha koti juu yake. Nikauhisi moyo wake ukipiga haraka haraka juu ya wangu. Raheli aliingia kutoka uani, akaona nyuso zetu, akajua. Hakunigombeza. Alikaa sakafuni akanishika goti, na hilo liliniuma kuliko matusi.

Wenzangu walipokwisha kuondoka, Bi. Mwanahawa alisimama mbele ya ile karatasi ukutani. Hakujua kusoma, lakini visanduku alivijua.

"Hivi ndivyo unavyohesabu?"

"Ndiyo, Bibi. Leo ya kumi na mbili."

"Ya kumi na mbili tangu lini?"

"Tangu alipozaliwa."

"Huyu hajazaliwa, mwanangu," akasema. "Huyu katoka tu. Mwezi wake wa kuzaliwa bado. Wewe unamtaka afanye ya watoto wenye arobaini, naye angali anafanya ya tumboni: kulala, kupata joto, kuongezeka. Tumbo la mama limefunguka mapema, basi nyumba hii nzima iwe tumbo. Ukishampa miezi yake, ndipo uanze kuhesabu hizo arobaini zako."

Neno hilo nimelibeba mpaka leo. Niliikunja ile karatasi nikiwa na mtoto kifuani, nikaomba nyingine, nikapiga hesabu: hadi siku aliyotazamiwa kuzaliwa zilibaki siku thelathini na saba. Nikazichorea visanduku vyake, na chini yake ndipo nikachora arobaini. Kisha nikafanya kazi niliyoiona aibu wakati ule. Nilimwandikia tena kila mtu niliyemwalika, nikakiri kwamba mwalimu wa hesabu amekosea kuhesabu.

Tangu siku ile Raheli nami tulipokezana kifua. Asubuhi kabla ya shule na mchana nikirudi, Damari alikuwa wangu. Jirani yetu Mzee Sefu, fundi cherehani aliyeshonea barazani, aliniona kupitia mlango na hakunisamehe.

"Jamani, Mwalimu anaatamia!" akatangaza mtaa mzima usikie. "Mama Damari, usimsumbue mumeo, atavunja yai!"

"Mzee Sefu, shikamoo," nikamjibu kutoka ndani.

"Marahaba, mama kuku! Tutarajie vifaranga wangapi?"

Mtaa ulicheka kwa wiki nzima. Siku ya nane alikuja mwenyewe, akapiga hodi, akaniletea fulana ya flanele aliyoishona bila kuulizwa, yenye mfuko mpana kifuani wa kumweka mtoto, na kikofia cha mabaki ya kitambaa kisichozidi ukubwa wa limau kubwa. "Kuku naye ana nguo yake," akasema, akaenda zake.

Nikianza kukusimulia furaha za siku zile, sitamaliza. Katika kila kisanduku sikupaka tena wino, niliandika. *Leo amemeza vijiko vinane. Leo amefungua macho yote mawili kwa pamoja. Leo amenyonya hadi akatoka jasho puani. Leo ngozi imepoteza ule wekundu. Leo amelia, na Mzee Sefu amesikia!* Kulikuwa na siku za kurudi nyuma pia, siku alizochoka kunyonya tukarudia kijiko, na hizo nazo niliziandika. Jifunze kuzitarajia. Mtoto wa namna hii hapandi ngazi moja kwa moja. Hupanda, hupumzika, hushuka moja, hupanda tena.

Nikuambie pia jambo nisilojivunia. Watu wa nyumba iliyotazamana nasi walipata mtoto wa kiume wiki ile ile aliyozaliwa Damari, aliyetimia miezi yake. Siku ambayo ingekuwa arobaini yetu ya kwanza, ile ya karatasi niliyoikunja, walimtoa mtoto wao nje, amenenepa, anamtazama kila mtu na kumchekea. Wangu alikuwa amelala mfukoni mwa fulana. Nilimwonea wivu mtoto mchanga. Nilijiuliza kama akili ya Damari imebaki njiani. Bi. Mwanahawa aliniona ninavyotazama.

"Yule keshafika," akanong'ona. "Wako bado hajafika mlangoni. Usimwulize mgeni habari za ndani."

Siku ya arobaini, ile ya hesabu sahihi, ilifika wakati mvua zimekwisha na jua la asubuhi ni jema. Mama yangu alikuwa amewasili kutoka Upare. Wale walimu wawili walikuja, mmoja amevaa kofia ile ile. Sufuria za pilau zilikuwa uani, akina mama wanapiga vigelegele, Mzee Sefu amefunika cherehani yake kwa shuka jeupe kwa heshima ya siku. Bi. Mwanahawa ndiye aliyemtoa Damari, akamwinua mbele ya uso wake, akaanza kumtambulisha kama desturi ilivyokuwa: "Mama, hili jua. Hawa watu wako. Huyu asiye na subira ni baba yako."

Damari alimtazama Bi. Mwanahawa. Kisha akanitazama mimi. Midomo yake ikacheza upande mmoja, ikasita, ikafunguka yote, na akatabasamu, tabasamu lake la kwanza, bila jino hata moja, mbele ya mtaa mzima.

Nilipiga makofi. Safari hii Bi. Mwanahawa naye alimweka mtoto begani akapiga pamoja nami, mkono wake kwenye wangu.

"Haya," akasema, machozi yakimtoka. "Sasa kazaliwa."

Mwanangu, ninakaribia hamsini sasa, umri ambao vijana huniamkia shikamoo ingawa wazee bado wananiita kijana. Damari ni mwanamke mzima anayenizidi kwa sauti. Niliyojifunza kwake nakuachia hivi. Mtoto wako akiwahi kuja, mhesabie umri kuanzia siku aliyotazamiwa, na usimlinganishe na mtoto wa jirani. Mpe joto la mwili wako, wewe baba pia, watu wacheke wakitaka. Mpe maziwa ya mama yake hata yakiwa matone. Wageni waambie wasubiri. Siku hizi hospitali zina wauguzi na vyombo ambavyo sisi hatukuwa navyo, basi mpeleke huko, uliza, uliza tena. Na ukimwona amepoa mwili, amebadilika rangi, amekataa kunyonya au pumzi zake zinakatika, usikae kumtazama kama mimi, kimbia naye. Na furaha yako usiizime. Furahi sana, ila furahi ukiwa umemfunika.

Mungu ampe mtoto wako pumzi isiyokatika, akupe wewe kifua chenye joto na moyo usio na haraka. Na siku yake ikitimia, kwa hesabu yake mwenyewe, akutazame machoni mbele za watu, akuchekee.