Kinga Iliyoliwa na Mbuzi

Harufu ya mwarobaini uliopondwa na magurudumu juu ya lami ya moto ni chungu, hukaa kooni kama dawa uliyoshikwa pua ukanyweshwa. Wengine wakiisikia humkumbuka bibi na vikombe vyake vya homa. Mimi hukumbuka kona iliyo nje kidogo ya Gede, kwenye barabara ya kutoka Malindi, kiangazi kile nilipokuwa na miaka kumi na mmoja. Nyumba yetu ilikuwa ya tatu kutoka barabarani, na ndani yake tuliishi mimi, mama na mbuzi wanne, maana usiku wa kuhofia wezi mbuzi nao walilala ndani. Mama alikaanga mahamri na viazi karai pale kituoni, na kila jioni akirudi, hata shikamoo yangu hajaiitikia, huuliza, "Mbuzi wamekula?" Kiangazi kile swali hilo lilikuwa zito. Nyasi zilikuwa zimekauka zikawa rangi ya kamba, na kila tawi bichi lililofikika kwa mkono lilishakatwa na mtu aliyeamka mapema kuliko mimi.

Sasa, anayeijua njia ile anajua na desturi yake. Gari likiharibika barabarani, dereva hukata matawi mabichi akayatandaza juu ya lami, fungu moja mbali, jingine karibu, la tatu karibu zaidi, ili anayekuja nyuma aone apunguze mwendo. Lingekuwa na zile pembetatu nyekundu za kuonya, sawa, lakini malori ya chumvi ya Gongoni yalikuwa na nini jamani? Taa za nyuma zililiwa na kutu zamani, na vile vibati vya kung'aa vilifunikwa na vumbi jeupe. Matawi ndiyo yalikuwa taa zao. Gari likitengenea, dereva huondoka akayaacha palepale, kwani nani ana muda wa kufagia barabara ya serikali? Hapo ndipo sisi watoto tulipoingia. Tawi lililoachwa barabarani lilikuwa la aliyewahi, na mbuzi wa Gede wakati wa kiangazi hawachagui, hata mwarobaini hula. Sheria ilikuwa moja tu, na hakuna mtoto asiyeijua: chungulia kwanza kama gari limeondoka.

Siku hiyo niliruka kamba na wenzangu mpaka jua likaanza kushuka. Nilipokumbuka mbuzi moyo ulinipasuka, maana fimbo ya mama haikuwa na mzaha. Nikakimbilia konani. Mafungu matatu ya mwarobaini yalikuwa yametandazwa, mabichi, vikonyo bado vina maji. Nami nilichungulia. Nataka hili lieleweke, kwa sababu kwa miaka mingi nilijidanganya kwamba sikuchungulia. Nilichungulia, nikaliona lori la chumvi ng'ambo ya kona, limeinama upande mmoja, gurudumu la nyuma limetolewa. Chini yake ilionekana miguu ya dereva tu, na kando ndara zake zimepangwa vizuri kama za mtu aliyeingia msikitini. Alikuwa akigonga chuma huku akiimba kwa sauti ndogo. Nikajiambia bado kuna mwanga, ataondoka sasa hivi, na hata asipoondoka, nani atakosa kuliona lori zima? Mtoto mwenye tamaa hakosi majibu. Nikayakusanya yote matatu, nikayafunga kwa leso, nikajitwika.

Mama aliporudi akakuta mbuzi wanatafuna, akafurahi. Akaketi kusugua karai yake, akasema kama mtu anayezungumzia mvua, "Mjomba wako yu njiani anatoka Malindi, anatuletea unga. Na ile pikipiki yake isiyo na taa! Nimemwambia atoke mapema, akanicheka." Mjomba Kahindi alikuwa ndugu mdogo wa mama, mwendesha bodaboda, mcheshi, mwenye mwendo wa kichaa. Taa yake ya mbele ilikufa mwaka uliotangulia, akafunga kurunzi kwenye usukani kwa mpira wa baiskeli. Ukimwonya hujibu, "Barabara hii na mimi tumekua pamoja." Niliiona kona, nikaliona lori, nikamwona mjomba akija na unga wetu na kurunzi yake. Nikaruka bandani, nikayanyakua matawi yaliyosalia midomoni mwa mbuzi, beberu akanipiga pembe ya paja, kovu ninalo hadi leo, nikatoka mbio.

"Kadzo! We Kadzo! Una wazimu?" mama akaita nyuma yangu. Adhana ya magharibi ilikuwa inatoka msikitini na mwanga ulikuwa ule usio mchana wala usiku, ambao vitu huonekana na visionekane. Pikipiki ya mjomba ilikuwa na ekzosi mbovu, ilipayuka, ungeitambua kati ya mia. Nikasikia pikipiki moja mbali upande wa Malindi, nikasimama kusikiliza huku kifua kinapanda na kushuka. Sikuweza kujua. Nikakimbia tena, miiba ikinichoma nyayo, nikiomba kwa Mungu na kwa wahenga na kwa yeyote aliyekuwa karibu. Sikuwa nimefika kwenye ua wa michongoma ulio kabla ya kona nilipokisikia kishindo. Kilikuwa kimoja, kifupi, kikafuatwa na chuma kinachoburuzika juu ya lami, kisha hakuna kitu.

Nilipofika watu wachache walikwisha kukusanyika. Pikipiki ilikuwa imeingia chini ya mkia wa lori, na mtu amelala kifudifudi, ana shati la buluu. Mjomba alikuwa na shati la buluu. Helmeti ilikuwa inaning'inia kwenye usukani, nzima, haina hata mkwaruzo. Wanaume wawili wakamgeuza, nikauona uso. Hakuwa mjomba! Nikasema kwa sauti, mbele ya watu, "Asante Mungu." Nilifurahi. Naandika neno hilo kwa sababu ndilo la kweli, nilifurahi, na yule kijana mtu wa bara, Mutua jina lake, kibarua wa mashamba ya chumvi, alikuwa hapo miguuni pangu amekwisha kukata roho.

Mama mmoja akavua leso akamfunika. Kisha mtu akaniona nilivyokumbatia matawi. "Tazameni! Mtoto ameleta matawi! Huyu amewaza kuliko sisi watu wazima." Wakayachukua mikononi mwangu, wakayatandaza barabarani ili magari mengine yasije yakatupitia. Majani yalikuwa yametafunwa nusu. Hakuna aliyetazama.

Dereva wa lori, Athmani, mtu mzima wa kutoka Lamu, alikuwa ameingia kando kuswali. Alikuja pekupeku, uso bado una maji ya udhu. "Niliweka matawi," akasema. "Wallahi niliweka! Mafungu matatu, nimekata kwa mikono yangu!" Wakamuuliza yako wapi. Akaitazama lami, akatembea mpaka mwanzo wa kona na kurudi, akainama kama mtu aliyeangusha sindano. Mtu akamwambia, "Unaswali na huku umewategea watu mtego?" Wengine wakaanza kumsukuma. Mjomba Kahindi akafika wakati huo, taratibu, tairi lake lilikuwa limepata pancha njiani, akaniinua akaniweka begani. Askari wa trafiki walipokuja waliuliza wazi, "Kuna yeyote aliyeyaona hayo matawi?" Mama alikuwa amefika. Mkono wake ukanishika mguu pale begani kwa mjomba, ukanibana. Nikaficha uso shingoni mwa mjomba. Athmani akapandishwa kwenye gari lao, na ndara zake zikabaki palepale zilipopangwa.

Alfajiri nikamkuta mama bandani, anafagia vikonyo. Aliviokota kimoja kimoja, akavitia motoni chini ya karai ya mahamri, akaniambia, "Yamekwisha." Siri ya mtungi aijuaye kata. Pale kituoni watu walikaa siku nyingi wakihesabu sababu: kijana alikuwa mbio, kijana hakuvaa helmeti, lori bovu, dereva mzembe, kona haina kibao. Zote zilikuwa kweli, na hilo ndilo lililonitesa. Kisha mmoja angepangusa mikono na kusema, ajali haina kinga. Uongo! Ile ilikuwa na kinga, na kinga yenyewe ilikuwa tumboni mwa mbuzi wetu. Athmani alifungwa. Mimi nikakua Gede nikiitwa mtoto mwenye akili.

Leo kona ile ina matuta na kibao cha manjano, na mjomba, ndevu zimeingia mvi, hatoki hata kwenda dukani bila helmeti. Malori ya chumvi bado yanapita, na bado naona matawi barabarani. Mimi hupunguza mwendo hata yakiwa makavu ya juzi, watoto wangu hunicheka. Barabara imepona kuliko mimi. Basi mwaka jana mjomba akaniambia Athmani anaziba pancha Kikambala, kando ya njia. Nililala siku tatu na habari hiyo, ya nne nikaenda.

Nilimkuta ameketi kwenye tairi kuukuu, mzee sasa. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akaangalia gurudumu la gari langu akitafuta msumari. Nikamwambia sikuja kwa pancha. Nikamtajia ile kona ya Gede, nikamwambia kuhusu mbuzi, leso, miguu yake chini ya lori. Nilijiandaa kutukanwa, hata kupigwa. Yeye aliniuliza kitu kimoja.

"Mafungu mangapi?"

"Matatu."

Akaweka spana chini. "Kumbe niliweka," akasema. "Mimi, mwanangu, nilishaacha kusadiki. Kila mtu akikuambia hukuweka, siku moja nawe unaona hukuweka. Mke wangu aliniuliza miaka yote, mwisho nikamwambia naam, sikuweka, nilisahau. Nikamwambia nimemuua mtoto wa watu." Akafuta mikono kwa tambara. Hakuniambia amenisamehe, nami sikuthubutu kuomba. Akageukia mlango wa kibanda, akaita kwa sauti kubwa ambayo sikudhani bado anayo, "Mama Saidi! Toka nje! Njoo hapa!" Mwanamke mzee akatoka akijifunga leso, ananiangalia mimi, anamwangalia yeye.

"Mwambie na yeye," Athmani akasema. "Mwambie nilikata mangapi."