Kopo la Nyirinyiri

Nimefungua kopo la nyirinyiri, na harufu ya nyama, samli na hiliki imenikalisha chini. Leo ni Ijumaa ya Kwaresima.

Ilikuwa Ijumaa kama hii, Garissa, jua la mchana likichoma mabati. Baba alikuwa amehamia kwa mwanamke mwingine tangu Krismasi, na mama alikuwa amesali mpaka sauti ikamkauka. Siku hiyo hakwenda kwenye Njia ya Msalaba. Alishusha kopo tuliloletewa na jirani yetu Msomali, akalifungua mbele yetu.

"Kuleni," alisema. "Mimi nimechoka kufunga."

Jirani akaingia kuomba chumvi, akamkuta mama ameshika kipande cha nyama.

"Abaayo, dada yangu, si mfungo yenu haijaisha?"

"Nimeomba. Hakuna anayesikia."

Nilidhani atamhubiria. Alichukua kile kipande mkononi mwa mama, akakirudisha, akalifunika kopo na kulikumbatia kifuani.

"Hii nyama nilibika mimi. Nitakuwekea mbaka Basaka. Wewe enda kanisani, mimi nakaa na watoto."

Mama alimkazia macho kama mtu aliyeibiwa. Kisha akaosha mikono, kidole kwa kidole, mafuta yakigoma kutoka, akajitanda leso na kutoka juani.

Sasa samli inang'aa kwenye vidole vyangu. Mlango nimeuacha wazi tangu asubuhi. Mtaa huu hakuna mtu anayeingia kwa jirani kuomba chumvi.