Mtani Wangu Siku Hizi Ananiamkia

Kosa ni langu peke yangu, na nililifanya nikiwa nimevaa shati jipya, mbele ya kipaza sauti, huku nikijiona fundi wa kuongea na watu.

Hapa Tabora nafundisha uchoraji wa vibao na kuta za maduka kwa vijana waliotoka gerezani. Siku ya kwanza huwa nawaeleza kanuni moja, taratibu, hadi wote waelewe: habari ya kifungo ni ya mwenyewe, hakuna wa kumsemea. Naieleza vizuri sana. Kuieleza hakujawahi kunishinda.

Yona (si jina lake) ni Mgogo, mimi Mnyamwezi. Kwa msiotoka huku, makabila yetu ni watani tangu enzi za misafara, na mtani ana ruhusa ya kukutukana nawe usinune. Basi akiingia tu darasani husema, "Mnyamwezi, babu zako walibeba mizigo ya watu mpaka pwani, wewe hata ngazi unabebewa." Nami, kwa kuwa Wagogo hutaniwa kuwa ni ombaomba, namjibu, "Mgogo, leo umekuja kuchora au kuomba?" Tunacheka, kazi inaanza.

Ana mkono mzuri kuliko wangu. Mama mmoja mwenye duka la vitenge Isevya akampa ukuta wote wa mbele auchore, kazi yake ya kwanza tangu atoke. Yona hakuwa amemwambia alikotoka. "Nataka aone kazi kwanza, mtani," aliniambia. "Nikimaliza ukuta, nitamweleza mwenyewe." Nikamsifu kwa busara yake.

Ukuta ukiwa nusu, tukafanya maonyesho madogo ya picha. Tulijitangaza kama darasa la uchoraji tu. Yule mama akaja, akakaa mbele. Watu walikuwa wamepoa, nikaona niwachangamshe.

"Huyu mtani wangu Mgogo," nikasema, "kwa kuomba hajambo. Aliiomba serikali chumba, chakula na askari wa mlangoni. Ikampa vyote, ikamnyima ufunguo tu."

Watu wakacheka. Walipoacha, mimi nikaendelea kucheka.

Mama alimgeukia Yona. "Kumbe ulifungwa, mwanangu?"

"Ndiyo, mama," akajibu, akatazama viatu vyake.

Kesho yake ukuta ulipewa fundi mwingine. Nikaenda dukani kumwelewesha mama, kwa mifano, kama kawaida yangu. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mwalimu, kufungwa si hoja," akasema. "Nilitaka neno hilo nilisikie kutoka kwake. Sasa nitajuaje kama angeniambia?"

Mimi najua kwamba angemwambia. Lakini nani tena ataniamini mimi?

Nikamfuata Yona. "Mtani, nisamehe. Ulikuwa utani."

Alikuwa akisafisha brashi. "Kabila langu litanie mpaka uchoke," akasema. "Kifungo si kabila, mwalimu."

Bado anakuja darasani, na nashukuru. Ila sasa anasimama mlangoni kwa adabu: "Shikamoo, mwalimu." Naitika marahaba, kisha nabeba ngazi mwenyewe, polepole, nikipita mbele yake makusudi. Ananipisha tu. Sijawahi kutamani kutukanwa kiasi hiki.

Nawe unayelea vijana kama hawa, nakusihi kwa upendo: ukiona watu wamepoa, waache wapoe. Wamekuja kutazama picha, hawakuja kukutazama wewe.