Ladha ya Msumari Kwenye Pombe ya Harusi

Aibu hii naisimulia mwenyewe kabla Mama Happy wa mtaani kwetu hajawafikia, maana yeye akianza haishii njiani. Usiku wa kuamkia siku ile sikupata usingizi kwa swali moja tu: je, nikionja nisigundue kitu? Shangazi Felista alikuwa ametangaza Lipangalala nzima kwamba pombe ya harusi ya binti yake, Jeni, nitaionja mimi ikiwa bado togwa, kabla ya kutiwa chachu, kwa kuwa nimesomea mambo ya vyakula (nimesomea, ndiyo, lakini kazi sijapata, na pombe ya mahindi hatukufundishwa hata siku moja).

Asubuhi pipa liko uani, togwa imepoa, akina mama wamelizunguka, na Masanja, jirani yetu Msukuma aliyetuazima pipa lenyewe, amekaa juu ya kinu kilicholazwa. Shangazi akanipa kata. Nikanusa, nikazungusha mdomoni kama nilivyowahi kuwaona waonja mvinyo kwenye simu. Utamu wa kimea ukaja vizuri, halafu nyuma yake kitu kama nimelamba msumari. Ningeweza kunyamaza. Nikasema, "Kuna chuma humu."

Basi! Mama Happy akapokea kata, akaonja, akatema. "Mh! Msumari kabisa!" (na ndiye aliyekuwa amekunywa vikombe viwili alfajiri akisifia). Mwingine akaonja, akakunja uso. Masanja naye akaonja. "Hata mimi nasikia kutu," akasema taratibu, "lakini jamani, pipa langu si la plastiki?"

"Mwanangu akishasema, imetosha," Shangazi akasema. "Imwagwe. Siwezi kuwanywesha wakwe sumu."

Harusi ilikuwa Jumamosi, mahindi mengine hakuna, na wageni kutoka Idete wangepokelewa kwa maji ya kisima. Wanawake wawili wakalishika pipa walilaze. Nikaomba maji, nikanywa. Msumari! Nikalamba mkono wangu. Msumari! Ndipo nikakumbuka vidonge vya amiba nilivyoanza kumeza jana yake, vile vinavyoacha mdomo kama umenyonya sarafu, ambavyo sikumwambia mtu, maana mtaalamu wa vyakula anaharishaje?

Nikawatazama wale watu wazima, wenye ndimi zao nzima zisizo na dawa yoyote, wakitema chuma kisichokuwepo kwa sababu tu mimi nimekitaja, na kwa kweli sijawahi kuona kitu cha ajabu kama kile, neno langu moja limeingia vinywani mwao na kugeuka ladha. Nikaliogopa.

"Acheni!" nikapiga kelele. "Chuma kiko mdomoni mwangu! Naharisha, nameza dawa za amiba!"

Mama Happy akauliza, "Sasa mimi nimetema nini?" Masanja akacheka mpaka akadondoka kutoka kwenye kinu.

Shangazi hakucheka. "Una uhakika, mwanangu?"

Mimi maishani sijawahi kuwa na uhakika na lolote, hata mlango nikiufunga narudi kuutikisa. Nikachota kata nzima, nikainywa yote mbele yao, nikanyoosha mkono kuchukua bakuli la chachu.

"Wewe! Nawa kwanza!" wakanikemea wote.

Nikanawa kwa sabuni, nikarudia, kisha nikaimimina chachu pipani, yote.